Jinsi ya Kukadiria Idadi ya Kima wa Msituni na Maeneo Wanamoishi

Kima wa msituni hawahesabiki kama ng'ombe wapitao mlango wa zizi. Wanakaa juu sana mitini, nyuma ya majani mazito, na mara nyingi wao ndio huanza kumwona mtu. Mhesabuji huona mkia mmoja na matawi manne yakitikisika, kisha kimya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni kujua ni wangapi waliokuwapo ambao hawakuonekana, na kulijua jambo hilo kwa vipimo badala ya kubahatisha. Neno kima linatumika hapa kwa jamii yote ya wanyama hawa, mbega na tumbili wakiwemo.

Amua kwanza unataka kujua nini

Wengi huanza na swali la "wako wangapi?" ilhali swali wanalolihitaji ni jingine. Anayetaka kujua kama spishi fulani bado ipo katika msitu hahitaji idadi. Anahitaji kufika sehemu nyingi, mara kadhaa kila sehemu, na kuandika alipoona na alipokosa. Anayetaka kujua kama kima wanaongezeka au wanapungua anaweza kutosheka na hesabu ya makundi anayokutana nayo kwa kila kilomita ya kutembea, mradi njia, saa, mwendo na idadi ya watazamaji visibadilike mwaka hadi mwaka. Yule anayehitaji idadi yenyewe, kwa mfano kwa ajili ya kuamua hadhi ya spishi iliyo hatarini, ndiye anayelazimika kupima umbali na ukubwa wa makundi kwa uangalifu wote.

Ukubwa wa msitu nao una neno lake. Msitu ukiwa mdogo, au spishi ikiwa inaishi katika vipande vichache vinavyojulikana, inawezekana kulitafuta kila kundi na kulihesabu. Kipunji, kima wa kusini mwa Tanzania ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, alihesabiwa hivyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja wanyama 1,117 katika makundi 38. Kima punju wa Unguja naye alitafutwa kwa namna hiyo, na idadi iliyopatikana ilizidi 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio yaliyokuwapo kabla. Hakuna kima anayeongezeka kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni upana na kina cha utafutaji.

Katika hesabu ya namna hii, watu hujipanga mstari mmoja, wakiachana mita 100 hadi 200 kulingana na uzito wa uoto, na kusonga mbele kwa pamoja huku saa zao zikiwa zimelinganishwa hadi dakika. Kila mmoja huandika saa, mahali, idadi, mchanganyiko wa madume, majike na watoto, na upande ambao kundi limeelekea. Jioni daftari zote huwekwa mezani. Makundi mawili yaliyoonekana dakika ileile, mita 600 baina yao, ni mawili. Kundi la wanyama 14 lililokwenda mashariki na kuonekana na jirani wa mashariki dakika kumi baadaye, likiwa na mchanganyiko uleule, ni moja. Kazi hiyo ya mezani ina uzito sawa na ile ya msituni, nayo ifanywe siku hiyohiyo kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Mikuza

Msitu mkubwa hauwezi kufagiwa wote, kwa hiyo huchukuliwa sampuli. Njia iliyozoeleka zaidi ni mikuza: mistari iliyonyooka inayopitishwa msituni na kutembewa mara kwa mara. Mahali pa kuipitisha pachaguliwe kwenye ramani kabla ya kuingia msituni, kwa kuweka mistari yenye nafasi sawa baina yake na kuanzia mahali palipopatikana kwa bahati nasibu. Ni vema mistari ikate mabonde na vilima badala ya kufuata urefu wake, ili kila aina ya uoto ipate sehemu yake.

Kishawishi kikubwa ni kutumia vijia vilivyopo, kwani kukata mkuza kunachosha. Lakini kijia hakikuwekwa hapo kwa bahati nasibu. Hufuata mgongo wa kilima au ukingo wa mto, wawindaji hupita humo, na mwanga unaoingia pembeni mwake hubadilisha mimea. Kima wa hapo ama wamejifunza kukikwepa ama wamezoea kula pembeni mwake, na katika hali zote mbili idadi utakayoipata ni ya kijia, wala si ya msitu.

Mikuza 10 ndiyo idadi ya chini inayofaa, na 20 ni bora zaidi. Ukiwa na nguvu za kutembea kilomita 40 tu, gawanya katika mistari 20 ya kilomita mbili badala ya mistari minne ya kilomita 10, kwa sababu uhakika wa makadirio hutegemea tofauti baina ya mkuza na mkuza, na mistari minne haitoshi kuionyesha tofauti hiyo. Kata kidogo tu, kiasi cha mtu kupita bila kelele, weka alama kila mita 50, kisha uache mkuza upoe kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu.

Kima wengi huonekana vizuri asubuhi wanapokula, kati ya saa 12:30 na saa 4:30, na tena kuanzia saa 8:30 mchana hadi karibu saa 11:30 jioni. Mwendo uwe kilomita moja hadi moja na nusu kwa saa, pamoja na kusimama kila baada ya mita 100 ili kusikiliza. Anayetembea haraka kuliko hapo hukanyaga majani makavu na kuwafukuza wanyama kabla hajawaona. Mvua na upepo mkali vikianza, kazi isimame, kwa kuwa matone na matawi huficha sauti na mwendo, na dalili hizo mbili ndizo zinazomfichua kima mara nyingi zaidi kuliko rangi yake. Usihesabu wakati wa kwenda na wa kurudi katika mkuza mmoja asubuhi ileile, maana wanyama wameshajua kwamba upo.

Umbali ndio roho ya hesabu

Wazo lenyewe ni rahisi. Kundi lililo juu ya kichwa chako utaliona karibu kila mara. Lililo mita 30 pembeni utaliona mara nyingi. Lililo mita 80 utaliona mara chache. Ukipima umbali wa kila kundi ulilolikuta, namna idadi ya makundi inavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka itakuonyesha ni mangapi yalikupita bila kuonekana. Kutokana na hapo hupatikana upana halisi wa ukanda uliouchunguza, yaani upana ambao, kama ungekuwa umeona kila kitu ndani yake na usione chochote nje yake, ungepata idadi ileile ya makundi.

Hesabu hiyo husimama juu ya masharti manne. Makundi yaliyo juu ya mkuza wenyewe yasikose kuonekana. Umbali upimwe mahali kundi lilipokuwa kabla halijakujua, si mahali lilipokimbilia. Vipimo viwe sahihi. Na mikuza iwe imewekwa bila kufuata wala kukwepa walipo wanyama. Sharti la pili ndilo linalovunjwa mara nyingi bila mtu kujua: kima wenye hofu husogea mita 20 kimyakimya kabla ya kupiga mlio wa tahadhari, na mhesabuji hupima kutoka mlio ulikotokea. Ukichora idadi ya makundi kwa kila mita 10 za umbali na ukaona machache karibu na mkuza kuliko kati ya mita 20 na 30, hiyo ndiyo dalili yake. Hakuna hesabu ya kompyuta itakayoliponya kosa hilo. Dawa ni kutembea polepole zaidi na kutazama mbali zaidi mbele.

Umbali unaotakiwa ni ule wa pembe mraba kutoka mkuza hadi kundi, ukipimwa usawa wa ardhi. Kifaa cha leza kikielekezwa kwa mnyama aliye juu ya mti hutoa urefu wa mshazari, ambao ni mkubwa kuliko unaotakiwa. Elekeza kifaa kwenye shina la mti aliomo mnyama, usawa wa macho yako, au subiri kundi liondoke uende kupima kwa kamba. Kama umeliona kundi mbele kwa pembe, pima umbali wa kutoka kwako hadi kwao pamoja na pembe kati yao na mkuza kwa dira, kisha zidisha umbali huo kwa saini ya pembe (sine, kitufe cha "sin" kwenye kikokotoo): mita 50 kwa nyuzi 30 hutoa mita 25. Jihadhari na pembe ndogo zinazoandikwa sifuri kwa uvivu, kwa maana sifuri nyingi hupunguza upana wa ukanda na kuongeza kima wasiokuwapo.

Makisio ya macho hayafai, hata ya mtu mzoefu. Kama leza haipatikani, wafanyakazi wote wajaribiwe kila wiki kwa miti ambayo umbali wake umepimwa kwa kamba, na matokeo ya kila mmoja yahifadhiwe.

Kisha lipo swali la kundi kupimwa kutoka wapi. Kundi linaweza kutawanyika mita 60 au zaidi, na mnyama wa kwanza kuonekana kwa kawaida ndiye aliye karibu nawe. Ukipima hadi kwake tu, kila umbali utakuwa mfupi kuliko ukweli na idadi itakuwa kubwa kuliko ukweli. Pima hadi katikati ya kundi pale unapoweza kulizunguka kwa macho. Usipoweza, pima hadi kwa mnyama wa kwanza na uandike wazi kwamba ndivyo ulivyofanya, ili wakati wa kuchanganua iongezwe nusu ya upana wa kawaida wa kundi la spishi hiyo, uliopimwa kando.

Kundi lina wangapi

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, makadirio mengi huharibika, hata yale yenye mikuza mizuri. Mtu aliye kwenye mkuza huona kima watano, anaandika watano, wakati kundi lina 20. Idadi inayopatikana mkuzani ichukuliwe kuwa idadi ya walioonekana tu. Ukubwa wa kundi utafutwe kwa kazi ya pekee: tenga siku za kufuatilia makundi bila haraka, na uyasubiri pale yanapolazimika kupita mmoja baada ya mwingine, kama vile penye pengo la miti, barabara, mto, au mti mmoja wenye matunda unaosimama peke yake. Hesabu kila kundi mara kadhaa, na uchukue idadi kubwa iliyorudiwa kuliko wastani wa zote, kwa kuwa katika kazi hii kumkosa mnyama ni rahisi kuliko kumwona asiyekuwapo. Katika msitu wa Lopé nchini Gabon, makundi ya mandrili yalihesabiwa kwa picha za video yalipokuwa yakivuka mahali pa wazi, na ikaonekana kwamba yana wanyama zaidi ya 600. Hakuna ambaye angeifikia idadi hiyo kwa kuchungulia majanini.

Spishi zenye tabia ya kugawanyika, kama kima buibui wa Amerika, hazina kundi moja linalotembea pamoja. Kwao huhesabiwa vikundi vidogo kama vilivyo siku hiyo. Na katika misitu mingi ya Afrika spishi mbili, tatu au zaidi hutembea pamoja, kama mbega wekundu na kima wa Diana katika msitu wa Taï nchini Ivory Coast. Kila spishi iandikwe kwa mstari wake, na umbali wake, hata kama zilionekana dakika moja juu ya mti mmoja.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa kubuni. Mikuza 10 ya kilomita nne imetembewa mara sita kila mmoja, jumla kilomita 240, na makundi 72 ya spishi moja yamepimwa. Idadi hiyo inafaa, kwani wataalamu hushauri vipimo 60 hadi 80 kwa uchache ili umbo la kupungua kwa makundi lisomeke. Tuseme uchanganuzi umetoa upana halisi wa mita 40 kila upande. Eneo lililochunguzwa ni kilomita 240 mara 0.04 mara mbili, yaani kilomita za mraba 19.2. Makundi 72 yakigawanywa kwa eneo hilo hutoa makundi 3.75 kwa kilomita ya mraba; kila kundi likiwa na wastani wa kima 12, msongamano ni kima 45. Msitu wenye kilomita za mraba 60 utakuwa na kima wapatao 2,700.

Sasa fikiria kwamba umbali ulipimwa hadi kwa mnyama wa kwanza, na upana ukatoka mita 30 badala ya 40. Eneo linakuwa 14.4, makundi yanakuwa matano kwa kilomita ya mraba, na jumla inafikia 3,600. Mita 10 za uzembe zimezaa kima 900.

Programu ya Distance, ambayo hupatikana bure, hufanya uchanganuzi huu na hutoa pia kiwango cha mashaka, yaani kosa la kawaida la makadirio likigawanywa kwa makadirio yenyewe. Kiwango hicho kikiwa asilimia 20, ambacho ni kizuri kwa kazi ya msituni, zile 2,700 za mfano wetu husomeka kama idadi iliyo kati ya 1,830 na 3,980 hivi kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo anayerudi baada ya miaka mitano akapata 2,300 hana haki ya kutangaza kwamba kima wamepungua.

Njia nyingine hufaa kwa spishi fulani. Kima wenye pua ndefu wa Borneo hulala kando ya mito, na huhesabiwa kwa mashua jioni. Spishi ambazo madume yake hunguruma alfajiri, kama mbega weupe na weusi na kima wapiga kelele wa Amerika, huweza kutafutwa kwa sauti: wasikilizaji watatu katika vituo tofauti huandika saa na uelekeo kwa dira, na mistari yao ikikutana kwenye ramani huonyesha kundi lilipo. Droni zenye kamera ya joto zimetumika kuhesabu kima buibui katika miti wanayolala huko Meksiko, lakini majani yakiwa mazito joto halipiti. Kamera za mtego zikifungwa juu mitini hufaa kuthibitisha kwamba spishi ipo kuliko kuhesabu.

Eneo la kundi

Kujua eneo ambalo kundi hulizunguka kunahitaji kulifuata. Kundi huzoezwa kwanza kuvumilia watu, kazi inayoweza kuchukua miezi mingi, na haifai kabisa mahali penye uwindaji, kwa sababu kima aliyezoea mtu hamtofautishi mtafiti na mwindaji. Baada ya hapo kundi hufuatwa tangu linapoamka hadi linapolala, siku kadhaa mfululizo kila mwezi, na mahali pa katikati yake huandikwa kwa GPS kila dakika 15 au 30. Mwaka mzima unahitajika, maana msimu wa matunda na msimu wa majani humpeleka kima sehemu tofauti.

Njia rahisi ya kupata eneo ni kuunganisha nukta za nje kabisa kwa mstari, lakini mstari huo huingiza ndani hata bwawa au shamba ambalo kundi halikukanyaga, na siku moja ya safari isiyo ya kawaida huweza kulitanua eneo mno. Kugawa ramani katika miraba ya mita 50 au 100 na kuhesabu iliyoingiwa hutoa picha ya kweli zaidi. Ipo pia njia ya kukadiria uzito wa matumizi, ambayo hutoa eneo lenye asilimia 95 ya matumizi yote na kitovu chenye asilimia 50. Kwa njia yoyote, chora jinsi eneo linavyoongezeka kadiri siku za kufuata zinavyoongezeka. Mchoro ukiwa bado unapanda, eneo halijajulikana, na kufuata kuendelee.

Kugawa ukubwa wa kundi kwa eneo lake hutoa makadirio mengine ya msongamano, lakini kumbuka kwamba maeneo ya makundi jirani huingiliana. Kundi la kima 20 lenye kilomita za mraba 0.5 halimaanishi kima 40 kwa kilomita ya mraba ikiwa nusu ya eneo hilo hutumiwa pia na majirani.

Eneo la spishi nzima

Hapa kazi huanza kwa kuuliza watu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji kwa jina kabla mwanasayansi yeyote hajamwona. Muulize mtu aeleze mwenyewe wanyama anaowajua, rangi, mkia na mlio, kabla ya kumwonyesha picha. Na kati ya picha uweke moja ya mnyama asiyepatikana kabisa katika nchi hiyo, ili umjue anayekubali kila kitu.

Kisha msitu hugawanywa katika miraba, na kila mraba uliochaguliwa hutembelewa mara kadhaa. Kurudia ni lazima, kwa sababu kutoona hakumaanishi kutokuwapo. Ikiwa kila ziara ina nafasi ya asilimia 30 ya kuwaona kima waliopo, ziara tano zitawakosa kwa asilimia 17 hivi, na ziara tisa kwa asilimia nne. Miraba ambayo kima hawakuonekana iandikwe kwa uaminifu uleule, na idadi ya ziara zake, maana bila hiyo haiwezekani kutofautisha mahali pasipo na kima na mahali pasipofikiwa na mtu.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, hutumia vipimo viwili: eneo linalozungukwa na mstari wa nje wa mahali pote spishi inapojulikana, na eneo linalokaliwa hasa, ambalo huhesabiwa kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili. Pamoja na masharti mengine kama vile kukatika kwa makazi, kipimo cha kwanza kikiwa chini ya kilomita za mraba 100, au cha pili chini ya 10, spishi huweza kuwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa. Usichanganye vipimo hivyo viwili katika jedwali moja, na usizidishe msongamano kwa kile cha kwanza, kwa kuwa ndani yake mna mashamba, mito na misitu mitupu.

Unapotoa matokeo, andika kilomita zilizotembewa, tarehe, saa, idadi ya watazamaji, namna umbali ulivyopimwa, na ukubwa wa kundi ulikotoka, kwa kiasi ambacho mgeni ataweza kurudia kazi ileile katika mikuza ileile. Ramani inayotolewa hadharani ionyeshe miraba mikubwa tu. Nukta za miti wanayolala kima zibaki katika daftari la watafiti, kwa sababu mwindaji naye husoma ramani.